Vyumba Sita Jangwani

Lori lilipotumbukia korongoni, Fundi Mizani alikuwa na kipande cha chungwa kinywani, na kwa muda hakujua kilichomjaa mdomoni ni chungwa au ni damu. Vilikuwa vyote viwili, na mchanga juu yake.

Upepo ulikuwa umewafuata tangu saa nne asubuhi. Ulianza kama vumbi la mtu anayefagia uani, kisha anga ikageuka rangi ya kutu, na barabara, ambayo hata kabla ya hapo ilikuwa alama za matairi tu, ikafutika kama chaki ubaoni.

"Simama, Kitinda," alikuwa amemwambia dereva, mdogo wake, kitindamimba wa mama yao.

"Tukisimama tutafukiwa, Dada."

"Heri tufukiwe mahali tunapopajua."

Kitinda hakusimama. Akaendelea kuendesha, uso umesogea hadi karibu na kioo, macho yake hayaoni hata boneti. Gurudumu la mbele likakosa ardhi. Lori likalala ubavu, na mawe ya kupimia mizani, vipande ishirini na vinne vya chuma, kila kimoja kilo ishirini, yakakata minyororo na kugonga mgongo wa kabini kwa kishindo kilichowaziba masikio. Halafu kukawa na upepo peke yake.

Walikaa humo ndani, mmoja juu ya mwingine kama nguo kwenye kapu, mpaka dhoruba ilipopita. Jua la alasiri lilipotokea, walitoka kupitia dirisha la juu wakatazama. Mashariki mchanga, magharibi mchanga. Simu hazikushika mtandao. Paja la Kitinda lilikuwa limechanwa na bati la mlango, jeraha refu kama kiganja. Fundi alilisafisha kwa dawa ya sanduku la huduma ya kwanza, akachana mkono wa koti lake la kazi, akalifunga.

"Linauma?"

"Kidogo."

Siku hizo Kitinda alijibu kila kitu "kidogo". Umekula? Kidogo. Umelala? Kidogo. Zamani alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, mtu wa kelele, aliyeweza kuchekesha abiria sitini waliokwama kwenye matope. Mkewe alipofariki, mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, kelele zote zilizimika. Dada yake akamwambia anahitaji dereva wa kumzungusha vituoni. Dereva alikuwa naye, kijana hodari tu, akamwombea kazi kwingine. Alichotaka ni kumwona mdogo wake kila siku akiwa hai.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuvipima vipimio. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amezunguka bandarini, kwenye vinu vya nafaka na kwenye kliniki za watoto wachanga, akikagua kama kilo ni kilo kweli. Katika karakana yake mlikuwa na kabati la kioo lenye mawe madogo ya shaba ambayo hayashikwi kwa mkono bali kwa kibano, maana hata jasho la kidole lina uzito wake. Safari hii walikuwa wanakwenda kiwanda cha chumvi, ng'ambo ya jangwa, kukagua mizani ya magari.

Dumu moja la maji lilikuwa limepasuka. La pili lilikuwa na ufa karibu na shingo. Walilisimamisha wima wakalikingia kivuli. Fundi aliinama akalitazama kwa jicho lake la kazi.

"Lita nane. Nane na robo."

"Tutatembea?"

"Kwa mguu huo? Mpaka kiwandani ni kilomita sitini, na hatujui ziko upande gani. Wanatutarajia kesho. Tusipofika watatutafuta. Watakaloliona ni lori, hawatamwona mtu mmoja mmoja."

Wakafunga turubai ubavuni mwa lori, wakachimba chini yake hadi mchanga uliopoa, kina cha dhiraa moja. Kitinda aliinama penye rejeta iliyotoboka, akakinga matone kwa kiganja.

"Mwaga hiyo," dada yake alisema. "Ina dawa ya injini. Itakuua."

Akayamwaga. Ila aliyatazama kwanza, na kutazama kule Fundi hakukupenda.

Kulipopambazuka, baridi ikiwa bado imewashika viungo, Fundi alitoka chini ya turubai akasimama, miguu imeachana kwa upana wa mabega. Akanyanyua mikono juu. Akainama, akagusa vidole vya miguu, au tuseme alivikaribia.

Kitinda alifumbua jicho moja. "Dada, tunakufa na wewe unapiga jaramba?"

"Afadhali nife nimenyooka kuliko nife nimejikunja. Amka. Mabega tu, mguu uache."

Mama yao alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alitembea na filimbi shingoni hata jikoni, na wakati wa likizo, kabla ya chai, aliwapanga mstari kwenye korido ya nyumba. Walikuwa wawili tu, lakini aliwapanga kama wanajeshi mia. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne. Itoe kwa hesabu ya sita. Kisha, hii ndiyo iliyowachekesha zaidi, aliwaambia: "Isikie sakafu." Wasimame kimya, wataje kila kinachoguswa na nyayo zao. Saruji. Baridi. Ufa. Chembe ya sukari. Akili ikikimbilia kwingine wairudishe bila kuikaripia, kama mtoto aliyetoroka kwenye mstari.

"Isikie sakafu," Fundi alisema sasa.

Kitinda alichimbia vidole vya miguu chini. "Mchanga," alijibu. "Mchanga, na mchanga." Hata hivyo mabega yake yalishuka kidogo, na pumzi yake, iliyokuwa fupi kama ya mtu anayefukuzwa, ikarefuka.

Mchana wa siku hiyo ya pili hakuna aliyekuja. Walilala shimoni wamefunika nyuso, wakinywa kwa kifuniko cha chupa. Jua liliposimama utosini, Fundi alisinzia. Alipozinduka, nafasi ya pembeni yake ilikuwa tupu.

Alimwona hatua hamsini hivi mbele, anachechemea, mgongo wake umenyooka, anaelekea penye maji yaliyometameta chini ya upeo.

"Kitinda! Hayo ni mazigazi! Hakuna ziwa pale!"

Kitinda aligeuza kichwa. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. "Najua, Dada," alisema. "Naenda hivyo hivyo."

Fundi akaelewa. Kumbe haikuwa kiu. Maneno yote aliyoyafikiria, ya kubembeleza na ya kukemea, aliyaona ni mepesi. Mbio hakuwa nazo, nguvu za kumburuta mwanaume hakuwa nazo. Lililomtoka lilimshangaza mwenyewe.

"Mlango wa bafuni ulikuwa rangi gani?"

"Nini?"

"Nyumbani. Mlango wa bafuni. Mimi nasema kijani."

Kitinda alisimama. Upepo ulipeperusha shati lake. Nyumba hiyo ya vyumba sita ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi viatu, na ilibomolewa miaka kumi na mmoja iliyopita, barabara ilipopanuliwa.

"Bluu," alisema.

"Kijani."

"Bluu, Dada! Kijani ulikuwa wa jikoni, ule uliokuwa unavutwa kwa kamba baada ya wewe kuvunja kitasa."

"Mimi? Kitasa ulikivunja wewe!"

"Mimi nilikuwa na miaka mitatu! Ningekifikiaje?" Naye akaanza kurudi, hatua kwa hatua, amekasirika kweli, kidole hewani, mtu aliyesingiziwa jambo na hataki kufa nalo.

Dada yake alimpokea kivulini, akampa kifuniko cha maji. "Haya. Fumba macho unionyeshe. Tuingie kwa mlango wa mbele."

Hiyo nayo ilikuwa ya mama. Mtoto akiwa na homa, au mtihani kesho yake, aliambiwa afumbe macho aende mahali anapopapenda, lakini aende kwa miguu, asiruke. Kizingiti. Mkeka. Kushoto, meza ya kupigia pasi yenye alama ya pasi iliyosahauliwa, pembetatu nyeusi. Redio iliyofunikwa kitambaa. Walikaa sebuleni saa nzima. Walipofika chumba cha cherehani, Kitinda alisikia harufu ya mafuta ya mashine. Jikoni Fundi alisikia mvuke wa birika usoni, na midomo yake iliyopasuka ikatabasamu ikauma. Walibishana juu ya idadi ya ngazi za uani. Walibishana juu ya pazia. Jua likashuka upande bila wao kulingoja.

Vyumba vitano. Cha sita, cha mama, Kitinda alisema wakiache.

Asubuhi ya tatu walifanya mazoezi wakiwa wamekaa. Lita moja na nusu ilibaki. Walivuta tairi la akiba mbali na lori, wakafyonza dizeli tangini kwa mpira, wakalowesha matambara wakalichoma. Moshi mweusi ukapanda mnene na wima. Fundi aling'oa kioo cha pembeni, akawa anakipindua juani kila upande, mpaka mikono ikakataa.

Tairi likaisha. Hakuna aliyekuja.

Hapo ndipo Fundi alipovunjika. Alitapika maji yake yote ya asubuhi, akakaa anayatazama yakinywewa na mchanga. Ulimi ulikuwa mzito kama kipande cha soli. Akajaribu kufumba macho aingie mlango wa mbele, na mlango haukuwepo. Kulikuwa na weupe tu.

"Siioni," alisema. "Kitinda, siioni nyumba."

"Pumua."

"Ni upuuzi. Ni michezo ya Mama ya kuwachosha watoto."

"Nne ndani. Nahesabu mimi." Kitinda akamwegemeza mgongo kifuani mwake, ili aisikie pumzi yake na kuifuata. Wakapumua hivyo mara nyingi. Kisha akasema, "Twende chumba cha sita."

Fundi alifumba macho tena.

"Mwaka aliofariki Baba, wewe ulirudishwa bweni. Mimi nilikuwa na miaka minane. Pazia la Mama lilikuwa la kahawia, halikufunguliwa. Alilala ameutazama ukuta. Siku moja, wiki moja, miezi miwili, Dada. Jirani alileta chakula, mimi nilimlisha Mama kwa kijiko. Akaniambia nisikwambie, usije ukaacha shule."

Fundi alijaribu kugeuka amwone usoni, akazuiwa.

"Asubuhi moja nikasikia nyayo kwenye korido. Nikachungulia. Amesimama na gauni la kulalia, ameshika ukuta, anahesabu pumzi kwa sauti. Akanyanyua mkono mmoja. Mmoja tu, akarudi kulala. Kesho yake, yote miwili. Ulipokuja likizo ukakuta filimbi na mstari, ukasema ualimu umemlevya."

"Nilimcheka," Fundi alisema.

"Alifurahi kuchekwa. Aliniambia usiku huohuo alilala fofofo." Kitinda akameza mate yasiyokuwepo. "Mimi tangu wifi yako aondoke nimekuwa naangalia ukuta. Barabarani, mezani, popote. Ukuta tu. Jana nilikuwa nimeamua."

"Najua."

"Najua unajua. Ila nilitaka niseme kwa mdomo wangu."

Fundi alilia bila machozi, mwili haukuwa nayo. Lakini sasa aliiona korido. Aliuona mwanga wake hafifu, na mwanamke aliyekuwa mdogo kuliko yeye alivyo leo, anahangaika na mkono mmoja kama mtu anayenyanyua jiwe la kilo ishirini. Akabaki naye pale, akimhesabia.

Gari la maji la kiwanda liliwafikia alasiri, kutoka upande ambao wao hawakuwa wakiutazama. Dereva wake, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani, aliruka chini kabla injini haijazima.

"Ninyi ndio wa mizani? Bosi anawatukana tangu jana!" Kisha aliwaona vizuri, sauti ikapungua. "Jamani. Nimeona moshi asubuhi nikadhani ni wakandarasi wa barabara. Saa saba nimeuliza, naambiwa wakandarasi walishaondoka mwezi uliopita. Polepole na hayo maji, kaka yangu, funda moja moja. Hapa hatushindani na ngamia."

Kitinda akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kibovu, kama starta ya gari la zamani, lakini dada yake alikitambua.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili, sinki na feni ya mezani iliyofungwa kwa waya. Daktari, kijana mwenye miwani, aliwatundikia maji ya mishipa, akalifungua lile tambara la koti, akasafisha jeraha kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka. Alisema halitashonwa leo, lina uchafu. Litafungwa liachwe lipumue, na mguu utapona.

"Kuna kingine kinachokusumbua?" aliuliza, kalamu juu ya kadi.

Fundi alifungua kinywa. Alikuwa amemsemea mdogo wake kwa mwaka mzima, kwa majirani, kwa waajiri, kwa ndugu waliopiga simu: yuko sawa, anaendelea vizuri, mpeni muda. Safari hii alifunga kinywa chake, akageukia dirishani kulikokuwa na vilima vyeupe vya chumvi, akangoja.

Feni ilizunguka. Nyuma yake alisikia pumzi ikivutwa kwa hesabu ya nne na kutolewa taratibu.

"Kipo, daktari," Kitinda alisema. "Si cha mguu. Tafadhali vuta kiti ukae, maana hiki si kidogo."