Jicho Lililokosa Matanga

Jicho la kuume la Evarista lilianza kutoa machozi peke yake, mchana kweupe, akiwa anachagua maharage uani kwake Rhotia. La kushoto lilikuwa kavu kabisa. Akadhani ni vumbi. Lakini vumbi halina harufu ya nyasi za paa zinazoungua, na saa ile hakuna jirani aliyekuwa amewasha moto.

Ulikuwa mwaka 1984, mwezi wa tatu tangu arudi kutoka hospitali huko Moshi. Tangu usichana, vioo vya mbele vya macho yake vilikuwa vikichongoka kama ncha ya yai, hata miwani ikashindwa kumsaidia. Daktari alikata kioo cha jicho la kuume, akashona mahali pake kipande cha marehemu kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

"Ni cha mama mmoja aliyefia wodini," alimwambia. "Nyumba yao iliungua, mtoto wake akafia humo. Jina hatutaji."

Evarista alikubali kupasuliwa kwa sababu moja tu, Blandina. Mtoto huyo wa miaka sita hakumzaa yeye. Alikuwa wa dada yake, Germana. Germana alipofariki, Evarista ndiye aliyenyoa nywele zake kumwombolezea, na katika ukoo wao anayemnyolea marehemu ndiye anayelea watoto wake. Watu walisema Blandina ni Germana mtupu, naye Evarista masikini hakuwahi kuuona vizuri uso wa mtoto. Bandeji ilipotolewa akauona, akalia hadi nesi akamgombeza kwamba ataharibu kazi ya daktari.

Sasa ile harufu ilirudi kila siku. Kisha akaanza kumwona mwanamke ameketi kizingitini, amempa mgongo, na kila Evarista alipoliziba jicho lake la kuume kwa kiganja, kizingiti kilibaki kitupu. Alivumilia. Kilichomvunja moyo ni siku alipomwita Blandina aje asukwe, mtoto akaja mbio anacheka, na alipoinua uso jicho la kushoto likaona ukungu wake wa siku zote, ila la kuume likamwona mtoto mwingine kabisa, mdogo zaidi, shavu limekunjamana kwa kovu la moto, anamtazama kama mtu aliyesimama muda mrefu mlangoni pa watu bila kukaribishwa, huku sauti ya Blandina ikiuliza taratibu, "Mama, mbona unanitazama hivyo?"

Akaenda Karatu mjini kwa Mzee Marijani, muuza vitambaa aliyesifika kwa kuwasomea wenye majini. Mzee alimsomea tangu adhuhuri hadi alasiri, halafu akafunga msahafu.

"Jini angekuwa ametoka, binti yangu," alinong'ona. "Huyu ni maiti aliyekosa wa kumlilia. Mfanyie matanga kama ndugu yako, ataondoka."

"Na jicho, mzee?"

"Ataondoka na kilicho chake."

Evarista alijipa siku moja. Siku hiyo hakwenda shamba. Alimkalisha Blandina juani, akamtazama nyusi, mwanya, na kile kidevu alichokijua tangu utotoni. Yule mwanamke hakumsumbua hata mara moja. Jua lilipozama, Evarista alijua kwamba anamzika dada yake kwa mara ya pili, na uchungu ulikuwa ule ule.

Kesho yake akanyoa nywele, akaketi chini siku tatu akimlilia mtu asiyemjua. "Dada," alimwita, kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kumwita. Siku ya nne jicho likawa jeupe kama maziwa. Harufu ikakoma.

Asubuhi hiyo aliwasha moto wa uji, akaketi, akampapasa Blandina aliyekuwa kushoto kwake. Shavu laini. Alipopeleka mkono wa kulia kutafuta mwiko, ukagusa uso mwingine, mdogo, wa baridi, na shavu lililokunjamana.

Ndipo alipokumbuka maana ya kunyoa nywele kwao.

Akataka kuinuka akimbie, lakini uso ule ulijificha kwapani mwake, ukitetemeka kila kuni zilipotatarika. Huruma ikamshinda. Akavuta ndoo, akamwaga maji mafigani.

"Mama, uji haujaiva," Blandina alisema.

"Najua, mwanangu. Mwenzio anaogopa moto."