Ndege wa Saa Sita Mchana

Bisha ukitaka. Wabishi wenzako niliwasimulia wakabisha kifua mbele, lakini nilipowaambia twende tukasimame dakika tano tu uani kwa Mwalimu saa sita mchana, mmoja akakumbuka ameacha nguo kwenye kamba, mwingine goti likamuuma ghafla. Wewe soma kwanza. Ubishi hauozi.

Niite Fundi, inatosha. Shule niliiacha mapema, au iliniacha yenyewe, inategemea unamuuliza nani. Lakini mtaa mzima hakuna kamera, kengele ya geti wala spika iliyowahi kuukataa mkono wangu. Ndiyo maana Mwalimu, mstaafu aliyenifundisha kusoma na kunichapa kwa kusinzia, aliniita mimi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alipenda ndege tangu ujana, na sasa aliwasikia tu asijue nani ni nani. Mwanawe aliye mbali akamtumia kisanduku cha kijivu, saizi ya mche mfupi wa sabuni, chenye sikio la sponji. Unakitundika uani, kinasikiliza, kisha kinaandika kwenye simu ndege aliyelia, saa aliyolia, na uhakika wake ni asilimia ngapi.

Nilikifunga kwa skrubu nne chini ya paa la jiko la nje. Mwalimu akasema mbili zingetosha. Nikamwambia kazi yangu haina mbilimbili. "Hesabu zako nazijua," akanijibu.

Macho yake yalikuwa ni mjukuu wake, msichana wa miaka saba tuliyemwita Kasuku kwa jinsi asivyojua kufunga mdomo. Kila jioni alimsomea bibi yake orodha ya siku: shomoro, njiwa, kunguru, chozi, na kila ndege akamwigiza kwa maringo mpaka Mwalimu akacheka akashika mbavu. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Sauti ya mtoto yule ndiyo iliyoifanya ionekane imejaa.

Siku ya nne kisanduku kiliandika: Sauti isiyojulikana, saa sita kamili mchana. Chini yake kukawa na nafasi ya kujaza: Ipe jina.

Nikaitwa. Nilisikiliza kile kipande kilichorekodiwa. Milio mitatu, myembamba, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, na katikati ya mlio na mlio hakuna kitu, wala upepo, wala kunguru, ambao katika ua ule hawajanyamaza hata siku ya msiba. Nikasema ni hewa kwenye bomba. Kesho yake ile sauti ikaja na jina. Jina lenyewe sikutajii, mganga alikataza. Kasuku alilisoma kwa kusitasita, Mwalimu akauliza ni ndege gani huyo, nami nikamwambia chombo kimemtambua, bila shaka ni ndege wa mbali.

Basi kila saa sita jina lile likawa linarudi. Asilimia arobaini. Kesho sitini. Keshokutwa themanini, kama kitu kinachojifunza kuwa chenyewe. Ua ukaanza kunuka manyoya yaliyoungua. Na orodha ikapungua: njiwa hakuna, shomoro hakuna. Nikaenda kukagua kisanduku, nikijua ni waya. Ndege walikuwepo, ndugu yangu. Walikuwa wamejipanga ukutani, midomo ikifunguka na kufumbika, koo zikitetemeka, na sauti haitoki.

Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, nilikuwepo sebuleni. Mwalimu alikuwa kitini, Kasuku ameketi miguuni pake, simu mkononi, anataka kusoma, akafungua mdomo na mdomo ukabaki wazi kama wa wale ndege, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakaanza kumtoka bila hata kwikwi, na wakati huohuo kutoka uani, kwenye jua lile lisilo na kivuli, ikaja sauti yake Kasuku, laini, yenye maringo yaleyale, ikisoma shomoro, njiwa, kunguru, chozi, na Mwalimu akageuzia uso dirishani akatabasamu na kusema, "Ingia ndani mjukuu wangu, jua kali."

Halafu tabasamu likamkauka. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Fundi," akaninong'oneza. "Huyu niliyemshika ni nani?"

"Ni Kasuku, Mwalimu."

"Na wa nje?"

Nje, kitu kikacheka kicheko cha mtoto.

Mganga alikuja siku hiyohiyo, mama mmoja mnene mwenye miwani na begi la mkononi, ungedhani karani wa benki. Hakutikisa kitu wala kuimba. Aliomba simu, akasoma orodha yote mpaka mwisho.

"Jini hili lilikuwa mpita njia," akasema taratibu. "Majini hupita nyua za watu mchana na hayana habari na mtu. Ila ukilipa jina umelikaribisha. Nani alilipa jina?"

Mwalimu akaapa si yeye. Kasuku akatikisa kichwa. Mimi nikasema ni chombo.

Mganga akavua miwani. "Chombo hakina mdomo. Mdomo uliotoa jina ulirudishe sasa, mbele ya mtoto huyu. Usiporudisha, nitalitoa katika nyumba hii, lakini litamfuata mwenye jina."

Nikainamia bisibisi zangu. Basi akaniamuru nikifungue kisanduku. Skrubu tatu zilitoka vizuri. Ya nne iliniunguza kidole, kovu hili hapa. Akakizamisha kwenye chungu cha maji ya chumvi, akafunika kitambaa, akasoma maneno yake. Chini ya maji ikalia milio mitatu, ikitoka kama mapovu, wa mwisho mrefu. Kisha Kasuku akakohoa, akaomba maji, na hajanyamaza tangu hapo.

Kijiweni nilikuwa naishia hapo, nikipigiwa makofi.

Sehemu niliyoiruka ni hii. Siku ile niliyoitwa, Mwalimu alipokwenda kuweka chai, niliijaza ile nafasi mwenyewe. Niliandika jina langu, lile la nyumbani, analolitumia mama peke yake. Mwalimu ndiye aliyelifuta jina langu kwenye daftari la mahudhurio. Nikaona raha asomewe jina langu kila jioni, baina ya kunguru na njiwa, asijue. Mganga alipouliza, nilimtazama Mwalimu nikaona aibu. Aibu tu. Mtoto analia bila sauti mbele yangu, nami naogopa kuchekwa.

Umejiuliza kwa nini mwenye mdomo kama wangu amekuandikia badala ya kukusimulia? Juzi nilikwenda kwa Mwalimu kulirudisha jina. Kasuku alikuwa shule. Mwalimu akafungua mlango, nikafungua mdomo. Akauliza nani hapo. Akauliza mara tatu, mkono kwenye kitasa, kisha akafunga.

Sasa hivi ni saa sita mchana. Nimejifungia chumbani. Mama yuko jikoni ananiita kwa jina lile, chakula tayari.

Uani, kwa sauti yangu, kuna anayemwitikia: "Naam, mama. Nakuja."