Samaki Aliyesingiziwa Ulafi

Kila asubuhi, jua likianza kupasha moto migomba ya Makere, Nadine alishuka bwawani na beseni lake. Mtoto alikuwa mgongoni. Mumewe, Fidele, alirudi na mtumbwi. Nadine alipokea samaki, akawapara magamba palepale, kisha akaenda kuwakaanga kando ya barabara. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya nyumba yao.

Lakini mwaka huo perege walipungua. Waliobaki walikuwa wadogo, hawafiki hata urefu wa kiganja.

"Maharage yakishavunwa, naenda Ziwa Tanganyika," Fidele alisema. "Kaka Pasikali atanitafutia kazi kwenye boti."

"Na sisi je?" Nadine aliuliza.

"Nitakuwa narudi Krismasi."

Moyo ulimuuma Nadine. Hakuolewa ili amwone mumewe mara moja kwa mwaka.

Fidele alikuwa na hakika kwamba anamjua adui. Mara nyingi alinasa perege mwenye mayai tele mdomoni.

"Mwoneni mlafi huyu!" alipaza sauti. "Anakula watoto wake mwenyewe! Ndiyo maana samaki wanaisha."

Basi akatangaza vita. Alitupa wavu kando ya bwawa, penye kina kifupi, walikojaa walafi hao. Siku akiwapata kumi, alitembea kifua mbele kama mtu aliyeua chui. Wavuvi wenzake walimpigia makofi, kisha wakamwiga. Vita vikapamba moto, na samaki wakazidi kupungua. Nadine naye alimsifu mumewe. Kwa nini asimsifu?

Asubuhi moja, jirani yao Bibi Esteri alikuja kuinua mgono wake, mtego wa kufuma kwa matete. Bibi huyu alizaliwa Kumsenga, kule Kibondo. Alianza kuvua na mama yake tangu utotoni. Alimkuta Nadine akipasua samaki.

"Amahoro, mwanangu."

"Amahoro, Bibi."

"Wenye mayai mdomoni umepasua wangapi?"

"Sita."

"Na matumboni mwao umekuta chakula gani?"

Nadine hakuwahi kujiuliza. Akapasua wa saba, akachungulia vizuri. "Hamna kitu, Bibi. Tumbo tupu."

Bibi Esteri alicheka hadi akashika magoti. "Mlafi gani huyo anayeshinda na njaa? Mwite mumeo. Na beseni ulioshe, ulijaze maji ya bwawa."

Fidele alikuja amenuna. Bibi Esteri akatoa perege mzima kwenye mgono, akamtia ndani ya beseni.

"Tulieni," alisema. "Msimtie kivuli."

Walingoja sana. Fidele alianza kupiga miayo. Ndipo samaki akafungua mdomo taratibu. Akatoka kisamaki kimoja, kikafuata kingine, vikawa vingi, vidogo kama punje za ulezi zenye macho. Vikaanza kucheza kumzunguka mama yao.

"Fidele, sogeza mkono."

Fidele akasogeza. Kufumba na kufumbua, visamaki vyote vilikimbilia mdomoni mwa mama. Mdomo ukafungwa.

"Yoo!" Nadine alipiga kelele za furaha. "Kumbe anawaficha!"

"Ego," Bibi Esteri aliitikia. "Dume huchimba shimo la mviringo kama bakuli, penye kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni. Siku kumi na zaidi hali kitu. Ninyi mnampasua, halafu mnauliza samaki wamekwenda wapi!"

Fidele alikaa chini kwenye matope. "Nimewaua wangapi mimi?"

"Usilolijua ni kama usiku wa giza, mwanangu. Sasa umelijua."

"Tufanyeje, Bibi?"

"Mwenye mayai au watoto mdomoni, mrudishe majini upesi, kwa mikono iliyolowa. Penye mashimo ya mviringo, pasitupwe wavu. Na nyavu za matundu madogo ziacheni. Mdogo apite, akakue."

"Mbona hukutuambia mapema?"

"Mliniuliza? Mlisema mgono wangu ni kapu la kuchezea."

Nadine alicheka mpaka mtoto akaamka.

Wiki hiyohiyo Fidele alisimama mbele ya wavuvi wote. Haikuwa rahisi, maana yeye ndiye aliyewafundisha vita vile. Alikiri kosa lake bila kuficha. Mvuvi mmoja, Shamsi, alimtania: "Kumbe shujaa wetu alikuwa anaua wazazi!" Wote wakacheka, Fidele akiwamo. Kesho yake walichomeka miti kuzunguka sehemu yenye mashimo, na hakuna aliyevua humo tena.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Nadine alikaanga mihogo badala ya samaki. Maharage yakavunwa. Fidele akamwomba kaka yake amngoje kidogo. Nadine alihesabu siku kwa hofu.

Mwezi wa nane tangu wachomeke miti ile, perege walianza kujaa sahani, mikia ikining'inia nje. Wateja wakarudi barabarani na hamu zao.

Siku moja Fidele alikuwa majini hadi magotini, akimtoa perege wavuni. Simu ikalia mfukoni mwa shati lake. Nadine, aliyesimama karibu naye, aliitoa, akamwekea sikioni. Alikuwa Pasikali.

"Mdogo wangu, boti ina nafasi. Unakuja lini?"

"Siji, kaka," Fidele alisema. "Njoo wewe, ule samaki. Na sasa niache kwanza, mikono yangu imebeba mama na watoto wake."

Akainama, akaifungua mikono ndani ya maji. Perege alitikisa mkia, akaenda zake.