Sketi ya Damu ya Mzee

Fundi cherehani alikuwa ameshakata kitambaa cha sketi ya shule ya binti yake. Kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, rangi ya sare aliyovaa yeye miaka ishirini iliyopita, katika sekondari ya binafsi iliyosifika mji mzima. Alikikata huku akiimba wimbo wa shule hiyo.

"Mama, huko kuna kemia?" binti yake aliuliza. "Mimi nataka kuwa mfamasia."

"Wee! Shule ile ina kila kitu."

Jirani yao, mtunza maabara mstaafu, alikuwa amekuja kupunguziwa gauni. Akacheka.

"Mdogo wangu, umekata kabla ya kupima?"

"Shule yangu naijua, dada."

"Unaijua ya zamani. Iwe ya binafsi, iwe ya serikali, nendeni mkaione siku ya masomo. Ulizeni kama imesajiliwa. Ulizeni nani anafundisha somo analolitaka mtoto. Kisha ombeni kuingia maabara."

Jumatatu mama na binti wakaenda. Kengele ilikuwa ileile, na fundi alipoisikia machozi yalimlengalenga. Aligusa ukuta waliokuwa wakiuegemea yeye na wenzake, wakiwacheka wanafunzi wa shule ya serikali ng'ambo ya reli. "Miguu ya Vumbi," ndivyo walivyowaita.

Cheti cha usajili kilikuwepo. Lakini kufuli la maabara lilikuwa limeshika kutu.

"Mwalimu wa kemia tunamtafuta," alisema makamu mkuu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Fundi alinyong'onyea. Wakavuka reli.

Shule ya serikali nayo ilikuwa imesajiliwa. Rangi ilikuwa imebambuka na madarasa yalijaa. Ila maabara ilikuwa wazi, inanuka dawa, na mwalimu alikuwa akizunguka meza hadi meza kati ya wanafunzi wenye sare za buluu. Binti alisimama mlangoni, hataki kuondoka.

"Haya, twende," fundi alisema, huku moyo ukimuuma. "Tukashone ya buluu."

Muhula ulipoisha, binti aliingia mbio na ripoti yake. Kemia alikuwa wa tatu darasani! Akageuza mfuko wa sketi.

"Mama, kila siku nasahau kukuuliza, mbona mfuko kwa ndani ni damu ya mzee?"

"Nilikuwa na raha kule, mwanangu. Nikaona uende nayo kidogo."

Binti alivua viatu akakimbia kumwonyesha jirani ripoti. Fundi akavitazama pale mlangoni. Vilikuwa vumbi tupu.

"Miguu ya Vumbi," alisema taratibu. Akaviokota, akavifuta kimoja kimoja kwa kipande cha kitambaa cha damu ya mzee.