Kerubo Ni Nani?

"Futa hiyo video, Otieno! Futa sasa hivi!"

"Nifute kwa nini? Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo. Umenianika! Angalia nyuma yako kwenye hiyo video."

Akachukua simu, akatazama. Loo! Kwenye hita ya chumba chake hapa ughaibuni, mtaa wa Handsworth, sare yangu ya unesi ilikuwa inakauka, na beji imeandikwa KERUBO, wazi kabisa.

Wacha niwaambie, huyu mwanaume wangu si mtu mdogo. Harusi gani Kenya haichezi nyimbo zake? Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, aliongea siasa. Dakika nne nzima aliwauliza wakubwa kwa nini mama mmoja mjamzito alifia hospitalini kwa kukosa damu. Watu laki mbili wakatazama, na mnajua walimjibu nini?

"Kerubo ni nani?"

"Bro, hospitali tutaongea baadaye. Hiyo nguo ni ya nani?"

"Siasa hujui, baki kwa muziki. Lakini hongera!"

Otieno akaketi kitandani, amenyong'onyea.

"Nimewaambia watu wanakufa, Keru. Wao wanataka jina la mpenzi wangu."

Nilimwonea huruma jamani, lakini nami nilikuwa na balaa langu. Baba, huko Kisii, hakujua nina mtu. Alishaapa kwamba nikikaa na mwanaume kabla ya wazee kuonana, nisimwite baba tena.

Simu ikaita. Ni yeye, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Kerubo, nimeona video. Mara tatu."

"Baba, nisamehe..."

"Nyamaza kwanza. Mara ya kwanza niliona jina lako, nikakasirika sana. Mara ya pili nikatafuta kama viatu vyako pia viko hapo."

Otieno akafumba macho.

"Mara ya tatu ndiyo nikasikia anachosema. Huyo mama aliyekosa damu, ni wewe ulimwambia?"

"Ni mimi, Baba. Nilimwambia habari za Mama."

Kisha nikamsikia analia. Hata siku ya kumzika Mama sikumsikia akilia.

"Miaka tisa nimeogopa kusema mama yako alikufa vipi," akaniambia. "Mpe simu huyo kijana."

Otieno akaipokea kwa mikono miwili, utadhani Baba yuko mbele yake.

"Habari yako, Mzee."

"Hiyo video usifute. Ukifuta, binti yangu humpati."

"Sifuti, Mzee."

"Na wazee wako waje kwangu mwezi ujao. Maneno ya hiyo nguo hatujamaliza."

"Watakuja, Mzee. Nakuahidi."

Simu ilipokatika tulikumbatiana, tukicheka na kulia. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

"Bado wanauliza wewe ni nani," akasema, akinionyesha simu. "Niwajibu?"

"Wajibu."

Akaandika polepole, nikiwa nimeegemea bega lake:

"Kerubo ni binti wa yule mama."