Jina la Mtoto wa Tatu

Kila siku akitoka shule, Nanzala alivua viatu mlangoni, akanywa chai, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuukuu ambayo baba yake, Walubengo, alipewa ofisini walipoletewa mpya. Waliishi mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret. Katika chumba cha pili alilala nyanya yake Nanzala, Kukhu Nakhumicha, mama yake Walubengo, ambaye alikuwa mgonjwa tangu Januari.

Kukhu alikuwa na ombi moja. Kwao Bungoma, historia ya marehemu husomwa mbele ya waombolezaji, na watoto wake hutajwa mmoja mmoja. Yeye alizaa wanane. Wa kwanza na wa tatu walifariki wakiwa wachanga, na hakuna mwingine aliye hai aliyejua majina yao.

"Hao wawili hawajawahi kusomwa mahali popote," alisema. "Siku yangu nataka wasomwe, mjukuu wangu. Andika."

Nanzala akaandika. Alikuwa mwepesi wa vidole na alijijua kuwa mwepesi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa siku tatu alichapa kurasa nne bila kuhifadhi hata mara moja. Jioni alizima skrini tu, akaiacha kompyuta ikiwaka. Kesho yake aliyakuta maneno palepale, basi akaona kuhifadhi ni kazi ya waoga.

Ijumaa stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi na kompyuta ikawaka, kurasa zote nne hazikuwepo.

"Umeweka vizuri, mjukuu wangu?" Kukhu aliuliza kutoka kitandani.

Nanzala aliona haya. "Nimeweka, Kukhu. Yote."

"Asante. Sasa nitapumzika."

Kukhu aliishi siku tisa zaidi. Alikunywa uji, akaongea, hata akacheka. Kila asubuhi Nanzala alikusudia kumwambia, na kila asubuhi aliahirisha. Siku ya kumi, alfajiri, Kukhu akafariki.

Shangazi Nasambu alifika kutoka Bungoma siku hiyohiyo. "Mama aliniambia kwa simu historia iko tayari," alisema. "Ilete tukachapishe karatasi za mazishi."

Nanzala akaangua kilio, akasema yote. Baba yake hakumgusa wala kumfokea. Aliibeba kompyuta, wakaenda mjini kwa Adero, fundi wa kompyuta. Adero alitafuta kwa muda mrefu.

"Ulisevu hata mara moja?" aliuliza.

"Hapana. Lakini yalikuwa yanaonekana kwa skrini."

Adero aliifungua mashine na kuchomoa kibao chembamba. "Hii inaitwa RAM. Kile unafanya sasa hivi, kompyuta inakishikilia hapa. Ni ya haraka sana, lakini inategemea stima. Ni kama ubao wa darasa, stima ikipotea unafutwa wote. Daftari yako ni hii nyingine, diski kuu. Ukisevu, maneno yanaandikwa hapa na yanakaa hata bila stima. Flashi pia ni hivyo. Kuna nyingine, ROM, lakini hiyo ina maagizo ya kuamsha mashine tu, wewe huandiki kitu huko." Akamtazama Walubengo. "Pole, Mzee. Maneno ya Mama hayakuwahi kufika kwa diski. Sina mahali pengine pa kutafuta."

Nyumbani, Nanzala aliketi na baba na shangazi yake, akaanza upya kwa yale aliyoyakumbuka. Kila mstari alihifadhi, kisha akanakili kwenye flashi. Jina la mtoto wa kwanza alilikumbuka: Nekesa, aliyezaliwa wakati wa mavuno. La wa tatu lilikataa kabisa kuja.

"Kukhu alisema alizaliwa wakati wa palizi," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi weka Wanyonyi," alisema Shangazi. "Wavulana wa palizi wengi huitwa hivyo. Ama alikuwa msichana?"

"Sikumbuki, Shangazi."

"Usiweke," baba alisema. "Mama hakutuomba tukisie."

Siku ya mazishi mchungaji alisoma vizuri. Alipofika kwa Nekesa, wazee waliitikia kwa vichwa. Kisha akasoma, "Wa tatu, aliyezaliwa wakati wa palizi," akanyamaza, akitafuta jina kwenye karatasi. Hakuliona. Akaendelea na wa nne.

Watu walipotawanyika, Walubengo alisimama na binti yake kando ya kaburi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kompyuta ilifanya vile iliundwa kufanya," alisema. "Na stima inaweza kupotelea mtu yeyote. Hilo nimekusamehe. Lakini Mama alikuuliza, Nanzala, na alikuwa bado na siku tisa. Ungemwambia ukweli, angekutajia lile jina tena. Ukikosea, sema wakati bado kuna mtu wa kukusaidia."

Nanzala aliikunja karatasi ya mazishi, akaitia mfukoni. Karatasi ile anayo hadi leo. Mbele ya namba tatu pana nafasi, na hakuna tena wa kuulizwa.