Tumbo la Gari la Chuma

Mlango wa chuma ulifungwa. Komeo likaingia mahali pake.

Giza.

Nikolaus Machage, kachero wa serikali, alibaki chini, damu ikimchuruzika sikioni. Nje watu walicheka. Walikuwa wamemfungia ndani ya gari la deraya, mabaki ya vita ya kwanza ya Wazungu, lililoachwa kando ya Mto Mara, chini ya Nyamongo, tangu kabla hajazaliwa. Wenyeji waliliita gari la chuma.

Mwaka huo wa 1954 Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, na waliotaka bunduki ng'ambo ya mpaka walikuwa wengi. Amri ilimfikia Bomani, Tarime, kwa simu ya upepo, kila upande ukitumia jina la siri.

"Kilimo kwa Mbegu. Umepokea picha?"

"Nimepokea."

"Tambua gari. Kisha umtambue mwenye picha."

Picha zilikuwa tatu, kuukuu, zimegeuka rangi ya chai. Mzungu aitwaye Hallgren alizipeleka serikalini kuomba kibali cha kulichimbua gari la chuma. Alidai zote ni za gari hili la mtoni, Rolls-Royce la mwaka 1916, na kwamba analitaka kwa ajili ya jumba la makumbusho. Nikolaus alizikagua kwa lenzi mpaka macho yakamwuma. Mbili za kwanza hazikuwa na neno: magurudumu ya spoki, kama ya wakati wa vita. Ya tatu ilionyesha gari limepinduka ubavu, askari wamelizunguka wanacheka, na magurudumu yake yalikuwa bapa kama sahani. Magurudumu ya namna hiyo yalikuja baada ya vita. Nyuma ya askari palikuwa na mitende. Mitende, Mto Mara, tangu lini? Hallgren aliokoteza picha tu apate sababu ya kukaa porini.

Sababu ya kweli Nikolaus aliiona asubuhi hiyo: masanduku ya bunduki yakitolewa ndani ya gari la chuma na kupakiwa kwenye lori la Bedford. Alikuwa anainua kamera yake ya Leica alipopigwa rungu kwa nyuma. Walimnyang'anya bastola yake, Webley. Simu ya upepo wakaiponda kwa jiwe.

Sasa Heche, mtu wa Tarime aliyekuwa msaidizi wa Hallgren, aliinama kwenye tundu la bunduki.

"Leo nani yuko zamu kizuizi cha mpakani, Sirari?"

Nikolaus alijiburuta kuelekea kwenye tundu.

"Mdogo wako, Joram. Yuko peke yake. Akifunua turubai tu, tunamzika."

Injini ya Bedford ikanguruma. Nyuma yake zikafuata kwato, nyingi. Nikolaus akaelewa: walikuwa wakiswaga ng'ombe nyuma ya lori wafute alama za matairi. Ujanja mtupu. Lakini mpaka lifike barabara kuu, lori litakwenda mwendo wa ng'ombe.

Aliupiga mlango bega. Haukutikisika.

Aliparamia kibanda cha bunduki juu. Kifuniko kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Tundu lilitosha ngumi tu. Jua lilipanda, chuma kikashika moto, jasho likamwingia machoni. Alipiga kelele, sauti ikamrudia mwenyewe masikioni. Hapo akaogopa kweli. Kufa alikuwa amezoea kukufikiria. Hakuweza kuvumilia kukaa pale mzima huku Joram akinyoosha mkono kusimamisha lori. Yeye ndiye aliyembembeleza kijana wa watu avae zile sare.

Picha ya tatu.

Gari lililopinduka. Alipoitazama, alitazama magurudumu. Akafumba macho, akaitazama upya kichwani. Chuma mbele, chuma ubavuni, chuma nyuma. Na tumbo je?

Mbao.

Magurudumu yalikuja kubadilishwa, lakini tumbo lilikuwa lile lile. Nani angepiga risasi kutoka ardhini?

Alikanyaga sakafu kwa kisigino. Mchwa walikuwa wameshamaliza kazi. Mbao zilivunjika kama ukoko. Chini kulikuwa na mchanga wa mto. Alifukua kwa mikono, kucha zikang'oka, akapenya kifudifudi chini ya ubavu wa gari. Shati likabaki kwenye msumari.

Nje.

Vumbi la ng'ombe lilionekana mbali. Hakuwa na simu, gari wala silaha. Alikuwa na koo.

Alipanda kilima mbio. Alitaka kupiga mwano, kelele ya wizi wa ng'ombe. Kila boma likiisikia huipeleka mbele, na wanaume hutoka na mikuki. Anayeipiga kwa uongo hutozwa faini na kuchekwa miaka. Nikolaus alijua fika kwamba ng'ombe wale Hallgren aliwanunua mnadani, mbele ya watu.

Akavuta pumzi. Akapiga.

Kilima cha pili kikaitikia. Kisha cha tatu. Mwano ukalipita lori.

Alipofika, Bedford ilikuwa imezingirwa na mikuki. Hallgren alikuwa ameinua mikono, akitaja kibali chake. Heche alikuwa amekaa chini, amefungwa kamba ya ng'ombe. Mtoto wa huku huku, na bado alidhani ng'ombe wa kununua hawapigiwi mwano. Turubai lilikuwa limefunuliwa, bunduki ziko nje. Wazee waliwatazama ng'ombe.

"Mura, kijana wangu," alisema Mzee Wangwe, aliyewaongoza, "ng'ombe hawa ni wa nani?"

"Wa Mzungu, mzee. Aliwanunua."

"Hawakuibwa?"

"Hawakuibwa."

Mzee alizitazama bunduki, kisha vidole vya Nikolaus. "Umefanya vizuri. Lakini mwano ni mwano. Utaleta dume moja."

"Sawa, mzee."

Mchana polisi wakaja na Land Rover kuwachukua wawili wale na masanduku yao.

Jioni Nikolaus alifika Sirari, amevaa shati la kuazima. Joram alikuwa ameegemea kizuizi, anapiga miayo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Kazi gani? Toka asubuhi halijapita hata lori moja. Hii kazi uliyonitafutia inachosha."

Nikolaus aliificha mikono yake mfukoni. Alitaka kumkumbatia. Kiapo cha kazi hakikumruhusu kusema sababu.

"Nitachukua lile dume lako jeusi."

"La nini?"

"Nimetozwa faini. Nimepiga mwano wa uongo."

Joram alicheka mpaka akashika kizuizi asianguke. "Mtu mzima wewe! Sasa aibu yako nilipe mimi?"

"Lipa."

Alivaa kofia, akashika njia ya Tarime taratibu, akikisikiliza kicheko cha ndugu yake mpaka kwenye kona.